Shajara ya mradi wa punda, Newala: kwa nini majike walikaa miezi saba bila joto

11 Juni 2023

Wamefika. Majike watatu na dume mmoja, tumewatoa Nachingwea kwa wafugaji wa Kisukuma, wale waliohamia Lindi miaka ya 2006 na 2007 baada ya kuondolewa bonde la Ihefu, Mbeya. Fuso lilipita Masasi jioni, mlima wa Newala tukaupanda usiku ili jua lisiwachome. Majike tumewapa majina Siwema, Zawadi na Tatu, dume anaitwa Komando, jina kaja nalo.

Yule mzee aliyetuuzia wakati anatuaga alisema kitu nakiandika humu kisipotee. Alisema wangu wanazaa masika, ukiona punda kazaa katikati ya kiangazi ujue mwaka uliopita majani yalichelewa kukauka. Nilimwitikia tu ndio mzee, sikumwelewa.

Mradi ni wa maji. Asiyekuja Newala hajui, huku juu uwandani mvua ikikatika mwezi wa tano maji yanakuwa kazi ya nusu siku, ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo, maji yapo kule chini na wewe uko juu, na mama zetu wanashuka alfajiri na ndoo wanapanda nazo kichwani. Kikundi kina kaya 14. Punda wanne hawatoshi na hatuna hela ya kununua wengine kumi, kwa hiyo hawa wazae. Ndio sababu ya shajara hii, kila siku nitaandika nani kaonyesha joto, yaani hamu ya dume, nani kapandwa, tarehe gani.

2 Julai 2023

Wiki tatu, hakuna kitu. Nimesoma kwenye simu mpaka usiku wa manane. Maandishi mengi ni ya farasi, ya punda machache, ila ni ndugu wa karibu kwa hiyo nimeanzia huko.

Farasi jike anafuata mwanga. Nchi za baridi, mfano Uingereza, mwezi wa sita mchana unapita saa 16 na mwezi wa kumi na mbili haufiki hata saa 8. Usiku ukiwa mrefu ubongo unatoa homoni ya melatonini kwa muda mrefu, na ikiwa nyingi hivyo farasi mayai yake yanalala kabisa, miezi kadhaa hana habari na dume. Mchana ukirefuka melatonini inapungua, mayai yanaamka, anaanza kuingia joto kila baada ya siku 21 hivi, joto lenyewe siku 5 hadi 7. Na sababu yake nimeipenda sana: mimba ya farasi ni kama miezi 11, akipandwa wakati siku zinarefuka anakuja kuzaa mwaka unaofuata siku zikirefuka tena, majani ndio kwanza yanachipua na mama anayapata ya kutengenezea maziwa. Mwanga kwake ni kalenda tu, anachokitafuta ni majani.

Wenye farasi wa mashindano wanaivuruga hiyo kalenda makusudi. Kule kaskazini farasi wote wa mbio umri wao unahesabiwa toka 1 Januari, kusini kama Afrika Kusini na Australia toka 1 Agosti, kwa hiyo anayezaliwa karibu baada ya tarehe hiyo ndiye anakuwa mkubwa kuliko wenzake wa mwaka ule. Basi wanawawashia majike taa bandani, mchana na taa vikijumlishwa vifike saa 16, miezi miwili hivi, na jike anaamini majira yamefika.

Nikaangalia kwetu sasa. Newala mchana mrefu kuliko wote, Desemba, na ule mfupi kuliko wote, Juni, tofauti yake haifiki saa moja na nusu. Taa haitusaidii. Lakini nikajipa moyo kwamba kama mwanga si tatizo basi wataingia joto muda wowote, mwaka mzima, nisubiri tu.

20 Agosti 2023

Bado. Daftari limejaa alama ya sifuri.

Kazi ya maji inaenda vizuri, hilo lazima niseme. Kila punda madumu manne ya lita 20, safari mbili kwa siku, magunia tumeyashona kama mifuko miwili inaning'inia huku na huku, chini tumeweka blanketi kuukuu. Mama mwenyekiti wetu anasema tangu azaliwe hajawahi kulala mpaka saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa nane, mwaka huu analala. Hilo limenifurahisha mpaka machozi yakanilenga.

17 Septemba 2023

Bwana mifugo amekuja leo, nilimsumbua sana kwa simu na nashukuru kaja. Hakuuliza habari ya joto kwanza. Alimwendea Siwema akampapasa mbavu, akapitisha kiganja kwenye uti wa mgongo, akamshika paja, akaniita na mimi nishike. Mifupa yote unaihesabu. Akasema punda wanapimwa hali ya mwili kwa alama 1 mpaka 5, anayetakiwa ni 3, huyu ni 2 na Tatu hata 2 hafiki vizuri.

Alafu akauliza mnambebesha kiasi gani. Nikasema madumu manne. Akaniuliza manne ni kilo ngapi, 80. Na punda huyu uzito wake? Tukamkadiria kwa kamba, mzunguko wa kifua, akaja kama kilo 140. Akanyamaza kidogo akasema mdogo wangu, mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, nyie mmempa zaidi ya nusu, na anaupandisha mlima, na majani yamekauka, unataka aingie joto kwa nguvu gani?

Nilikuwa nimesoma habari za melatonini usiku kucha na mgongo wa Siwema sijaushika hata siku moja.

Alichonieleza kwa urefu ni hiki, na ndio kiini cha mambo yote. Mwili wa jike unapima chakula kinachoingia na nguvu inayotoka, kinachotoka kikizidi kinachoingia ubongo unakata ule mnyororo wa homoni unaokomaza mayai, kwa sababu mimba ya punda ni mwaka mzima na baada ya hapo kuna miezi ya kunyonyesha, na mnyama asiye na akiba hawezi kuibeba safari hiyo. Si ugonjwa. Ndio namna yake ya kubaki hai. Kule kwenye baridi kalenda inasomwa kwa mwanga, huku kwetu inasomwa kwa tumbo, mvua ikinyesha majani yanakuja, mwili unanenepa, joto linarudi. Hapo ndipo nikaelewa neno la yule mzee wa Nachingwea. Akipandwa masika anazaa masika nyingine, mwaka na siku chache.

Kachukua damu ya wote wanne. Anamshuku Tatu, utando wa ndani wa macho umepauka na ana homa inakuja inaondoka, na kule walikotoka kuna mbung'o.

24 Septemba 2023

Tatu ana nagana, ule ugonjwa wa mbung'o. Wengine hawana. Kachomwa sindano, bwana mifugo kapima dozi mara mbili mbele yangu, anasema dawa ile wengi wanaikadiria kama ya ng'ombe na ikizidi kwa farasi au punda inawadhuru vibaya. Tatu hafanyi kazi mpaka nitakapoambiwa.

8 Oktoba 2023

Kikao cha kikundi kilikuwa kigumu. Nilipendekeza madumu mawili badala ya manne, safari mbili zibaki, Ijumaa wapumzike wote. Maana yake ni maji nusu, na huu ndio mwezi mbaya kuliko yote, dumu moja dukani watu wananunua mpaka 500. Babu mmoja akasema tumenunua punda au tumenunua wageni? Nilimwelewa, ana wajukuu sita nyumbani. Mama mwenyekiti ndiye aliyemaliza, alisema babu, tukiwatumia hivi tutabaki na wanne mpaka wafe, tukiwapumzisha tutakuwa nao wanane, chagua wewe mkubwa wetu. Babu akasema haya.

Chakula: majani makavu ya karanga, kila kaya inaleta gunia, wengi walikuwa wanayachoma shambani. Pumba kidogo ya mahindi jioni, mashudu ya ufuta kiganja kwa kila mmoja, chumvi jiwe imening'inizwa kwenye mwembe. Dawa ya minyoo tayari. Na maji ya kunywa. Inaniuma kuandika hili, punda wabeba maji tulikuwa tunawanywesha mara moja kwa siku.

Komando naye kaingia kwenye ratiba ya chakula. Mbegu za farasi dume zinachukua karibu siku 57 kutengenezwa, na punda hayuko mbali na hapo, kwa hiyo dume aliyekonda leo madhara utayaona baada ya miezi miwili, na uzuri pia utauona baada ya miezi miwili. Nimehesabu, Desemba.

10 Desemba 2023

Mvua. Siku nne mfululizo. Mapipa yamejaa, punda hawana safari, wanakula tu toka asubuhi. Siwema mbavu sizioni tena, nazihisi nikibonyeza. Zawadi hivyohivyo. Tatu bado nyuma ila anakimbia.

15 Januari 2024

SIWEMA YUKO KWENYE JOTO. Nimeandika kwa herufi kubwa, nisameheni, miezi saba.

Naeleza ilivyokuwa maana kabla ya leo nilikuwa naisoma tu. Asubuhi kamsogelea Komando mwenyewe, kwa punda jike ndiye anayeenda, dume anakaa kwenye eneo lake anangoja. Kanyoosha shingo mbele, masikio kayalaza nyuma kabisa, alafu akaanza kufungua na kufunga mdomo kama anatafuna hewa, tak tak tak, udenda unamtoka. Mkia kauinua upande, mkojo anautoa kidogo kidogo. Mtoto wa jirani alikuja mbio kuniambia Siwema anaumwa meno! Komando akanusa pale alipokojoa, akainua kichwa juu na kuukunja mdomo wa juu meno yote nje. Watu wanasema anacheka, ila pale anavuta ile harufu iingie kwenye kiungo kidogo kilichopo juu ya kaakaa, hicho ndicho kinamwambia jike yuko tayari au bado.

21 Januari 2024

Kapandwa tarehe 17, 19 na leo. Nilimzuia asipandwe kila saa, bwana mifugo alisema mara moja kila baada ya siku moja inatosha, mbegu zinaishi siku mbili hivi ndani na yai linashuka mwishoni mwa joto.

Jambo moja kwa watakaosoma hii na wana punda. Dume wa punda si kama farasi, farasi anamaliza mambo kwa dakika chache, punda anaweza kwenda kwa jike, akaondoka, akasimama mbali kageuka kama hana shida, akarudi, nusu saa nzima. Vijana wawili walitaka kumchapa fimbo wakidhani mvivu. Nikawaambia wadogo zangu mwacheni, ule muda wa kusimama mbali ndio unamwandaa, ukimpiga pale unamfundisha kuogopa na utakuja kukosa dume.

Nahesabu toka leo.

19 Februari 2024

Siku ya 29. Joto la punda linarudi kila baada ya siku 23 au 24, ya farasi ilikuwa 21. Siwema hajarudi. Toka siku ya 20 nampeleka karibu na Komando kila asubuhi, jana kampiga teke la kifua. Sijawahi kufurahia teke hivi.

Halafu kuna habari wanakikundi wote wameisikiliza redioni, wakuu wa nchi za Afrika wamekutana Addis Ababa na wamekubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi bara zima. Ngozi inachemshwa kutoa gundi, China wanatengeneza nayo dawa ya kienyeji inaitwa ejiao. Kwa upande wangu hesabu ni ileile ya daftari langu: jike mmoja, mtoto mmoja, mimba miezi 12 na zaidi, mapacha ni nadra na wakitokea mara nyingi wanakufa, na mtoto hafai kubebeshwa mzigo kabla ya miaka mitatu minne. Mnyama wa namna hiyo ukimchinja kwa malori hakuna masika itakayomrudisha. Sina utani na hilo. Mama zetu ndio wangerudia ndoo kichwani.

30 Machi 2024

Zawadi kapandwa, mara mbili, tarehe 26 na 28. Tatu bado.

9 Juni 2024

Tatu aliingia joto Mei, siku tatu tu, la kulegea, kapandwa, baada ya siku 24 karudi tena, maana yake hakushika. Sasa mvua imekata, majani yanaanza kuwa ya njano na yeye kanyamaza kabisa. Hatumlazimishi. Atasubiri masika ijayo.

Mjomba wangu mwalimu kaleta watoto wa darasa la saba kuangalia, mmoja akauliza punda na farasi wanaweza kuzaa? Wanaweza, dume wa punda na jike wa farasi mtoto wao ni baghala, ana nguvu kuliko punda. Ila farasi ana kromosomu 64 na punda 62, baghala anapata 63, hazigawanyiki sawa, kwa hiyo kwa kawaida hazai. Mtoto akasema basi mzigo wake utaishia kwake. Nimekaa na hilo neno siku nzima.

3 Novemba 2024

Msimu wa korosho, bei mnadani imepanda, kila mtu anataka gunia lake lifike ghala la AMCOS, chama cha ushirika, leo kabla ya kesho. Yule babu kaja kuomba Siwema abebe magunia. Mimba ina miezi tisa na nusu. Nikamwambia shikamoo babu, naomba uweke mkono hapa, nikamshikisha ubavuni chini, na bahati nzuri kitoto kikapiga. Babu kaondoka bila kusema kitu. Jioni kaleta debe la majani ya karanga.

Miezi mitatu hii ya mwisho ndio mtoto anakua kwa kasi, na kwetu inaanzia kiangazi kikali, hapa kalenda ya tumbo ina ugumu wake na ndipo akiba ya karanga inapofanya kazi. Siwema hana mzigo tangu Oktoba. Zawadi anabeba madumu mawili safari moja, naye namsimamisha Desemba.

26 Januari 2025

Matone kama nta kwenye ncha za chuchu. Nalala bandani.

29 Januari 2025

Kazaa saa tisa usiku, mvua inanyesha. Siku 374 toka kupandwa kwa mwisho.

Nilikuwa na tochi, nikaizima, wanapenda giza na utulivu. Miguu miwili ya mbele kwanza, mmoja umetangulia kidogo, pua juu yake, kama wanavyosema inatakiwa. Dakika 20 hivi yuko nje. Sikumgusa, sikukata kitovu, kilikatika mama aliposimama. Nusu saa anajaribu kuinuka, anaanguka, anajaribu, kabla ya saa kuisha kasimama, miguu imeachana kama meza mbovu. Kunyonya ndiko kulinitisha, alikuwa anatafuta ziwa kwenye kwapa la mbele, Siwema anamsukuma kwa pua polepole kurudi nyuma mpaka akalipata. Yale maziwa ya kwanza, dang'a, lazima yaingie siku ileile, maana punda na farasi hawampitishii mtoto kinga kupitia kondo, anazaliwa hana kitu, kinga yote iko kwenye dang'a. Kondo lilitoka baada ya saa moja na nusu, nikalitandaza kuangalia kama limekamilika, limekamilika.

Jike. Mama mwenyekiti kafika alfajiri na kanga yake ya mvua kichwani, kamwita Masika.

7 Februari 2025

Siku ya 9. Siwema leo kaanza kutafuna hewa tena. Hili nilikuwa nimelisoma, wiki moja mpaka mbili baada ya kuzaa jike anaingia joto, kwa farasi wanalitumia sana ili mtoto wa mwaka ujao asichelewe. Kwa majani yalivyo mengi sasa hivi angeshika. Ila akishika, mwezi wa saba atakuwa ana mimba, ananyonyesha, na majani hakuna, na bado maji tunayahitaji. Tumekaa kikao cha dakika kumi chini ya mwembe, hakuna aliyebisha, babu ndiye aliyeongea wa kwanza akasema apumzike.

Komando tumemhamishia upande wa pili wa uzio pamoja na Tatu, ambaye kapandwa Desemba 30 na mpaka leo hajarudi. Zawadi tunamtegemea mwanzoni mwa Aprili, nimeanza kumwangalia chuchu kila jioni.

Maji mwaka huu: safari za Siwema zinachukuliwa na kaya tatu kwa baiskeli mpaka Julai. Masika yuko kwenye majani, anakimbia mzunguko mmoja na kurudi kwa mama yake.